Pikipiki Niliyoikata Uti wa Mgongo

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kubuni vitu. Shuleni nilifika darasa la nne, na hata mstari haunyoki mkononi mwangu bila kushikiza ubao. Nilikuwa fundi wa pikipiki katika gereji moja ya Changamwe, njia ya kwendea uwanja wa ndege, na kazi ya fundi ni kukirudisha kitu kilivyokuwa. Kukigeuza ni kazi ya watu wengine, walioko mbali, wenye meza kubwa na taa nzuri. Ndivyo nilivyoamini. Kisha ukaja ule mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, nikachukua msumeno wa chuma nikaikata pikipiki nzima katikati, na mpaka leo sijui kama nilifanya jambo la akili au la wazimu.

Naandika huku nikiangalia daftari langu la siku zile. Halinisaidii sana. Lina michoro mingi na maneno machache, na mahali pengine nimeandika "si kweli" juu ya jambo nililoliandika mwenyewe jana yake.

Sababu ya yote ni dada yangu, mdogo kwangu kwa miaka sita. Alikuwa amesomea ukunga hospitali, akapata cheti chake, akapangiwa zahanati ya kwetu Kisauni. Eneo lake lilianzia hapo, likapita mashamba ya Kiembeni, likaishia Shanzu. Alikuwa akienda kwa miguu, au akingoja lori la mchanga limchukue. Mara mbili alifika mtoto amekwisha kuzaliwa. Mara ya tatu sitaiandika, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi itajwe.

Basi bwana wa afya, Mzungu aliyekuwa amekwisha kufunga nusu ya masanduku yake ya kurudi kwao, akamwita. Akamwambia kwamba ofisi itatoa mafuta, lakini chombo atafute mwenyewe, na kabla mwezi wa mfungo haujaandama aje nacho zahanati amwone akikiendesha. Akishindwa, atakaa pale pale zahanati, na upande wote wa Kiembeni na Shanzu utapewa dresa, mfunga vidonda, mwanamume mwenye baiskeli. Simlaumu bwana yule. Alitaka mtu wa kufika. Ila wanawake wa kule walikuwa hawamfungulii mlango mwanamume saa ya uzazi, na hilo dada yangu alilijua, nami nililijua. Zilibaki wiki tano.

Chombo nilikuwa nacho. Mpima ardhi mmoja aliyerudi Ulaya aliniachia pikipiki yake kwa barua ya mkono wake, nayo ilikuwa imesimama nyuma ya gereji chini ya gunia. Ilikuwa ndefu. Kiti kilinifika kiunoni, na mimi si mfupi. Tangi lilikaa juu ya paipu kubwa baina ya mapaja, na kile chuma cha kuwashia kilitaka buti. Ukikipiga kwa makubadhi, hukurudishia nyayoni mpaka ukaona nyota mchana.

Nilipoitoa gunia siku ile niliitazama kama sijapata kuiona. Yule aliyeiunda alimfikiria mtu mrefu, mwenye suruali na buti, asiyebeba ila nafsi yake. Hakukosea; aliunda kwa kumwangalia aliyekuwa mbele yake. Lakini waliokuwa wakizipanda miaka ile hawakuwa tena watu hao. Palikuwa na matarishi wa kaptula waliochomwa vigimbi vya miguu na bomba la moshi. Palikuwa na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mteja wetu, aliyekuwa akiikunja kanzu yake na kuing'ata kwa meno ili cheni isiile. Njia nzima akawa hawezi kuitikia salamu, na watu wakasema mwalimu ameingia kiburi tangu apate pikipiki. Wapandaji walikuwa wapya, na chombo kilikuwa cha zamani. Nilianza kulifikiria hilo na sikuweza kuliacha. Nilikuwa nikila, naondoka katikati ya chakula kwenda kupima kitu.

Mama alipopata habari alinisimamisha mlangoni kabla sijavua viatu, akaniita nisogee.

"Ndoo hapa. Nasikia wataka kumpandisha mwanangu chuma."

"Ni kazi yake, mama."

"Kazi yake naijua kabla wewe hujazaliwa." Na hakika, mama alikuwa mkunga wa mtaa, wa mikono na dua, na nusu ya Kisauni ilipita mikononi mwake. "Mwanangu hatagai, miguu huku na huku, juu ya chuma mbele ya watu. Buibui lake lifike kifundoni akipanda, lifike kifundoni akishuka. Ukiweza hilo, sina neno. Ukishindwa, usinisemeshe."

"Inshallah."

"Usinipe inshallah ya fundi. Hiyo ni ya kesho kutwa."

Dada alikuwa amesimama nyuma yake na kapu mkononi. Namkumbuka vile alivyosimama, kwa sababu baadaye nilitamani ningalimgeukia pale pale nikamuuliza yeye. Sikumgeukia.

Buibui la siku hizo lilikuwa la kamba, limeshonwa likazunguka kama mfuko, linafungwa kichwani na kuanguka mpaka chini. Mwenye kulivaa hana mahali pa kuutupia mguu. Kwa hivyo ile paipu ya juu na tangi lake ilibidi viondoke, pawe na uwazi mbele kama baiskeli ya kike. Kwa haki niseme kwamba mjini zilikuwako tayari zile pikipiki ndogo za Kitaliano zenye uwazi huo. Sikuvumbua kitu. Lakini magurudumu yake ni madogo, na mchanga wa Kiembeni ungeyameza. Nilitaka uwazi ule juu ya magurudumu makubwa.

Kiti ndicho kilichonisumbua zaidi. Nilichora viti vingapi, sina hesabu, nyuma ya karatasi za mifuko ya saruji. Siku moja, Jumapili mchana, nimekaa ukumbini nachora, mama yuko uani anakuna nazi. Alikuwa juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia, magoti yamekutana na kuegemea upande mmoja, leso imetulia, na mikono yake yote miwili ina nguvu kamili. Kifuu kilikuwa kinazunguka wala yeye hatikisiki. Nikaweka kalamu chini. Huyu mtu anafanya kazi ngumu ya mikono, amekaa chini, magoti pamoja, nguo haijapanda hata kidogo! Nikaenda nikachuchumaa mbele yake na kamba ya kupimia.

"Waniangaliani?"

"Napima mbuzi, mama."

"Pima ukimaliza uikune hiyo iliyobaki." Akaniachia kifuu.

Pale gerejini nilikuwa nafanya kazi na fundi mwenzangu kutoka bara, Mkristo, mtu wa kanisa. Ijumaa alikuwa akinishikia kazi yangu nikienda kusali, nami Jumamosi jioni nikimshikia yake awahi mazoezi ya kwaya. Alikuwa fundi bora kunishinda mimi, na nimeliandika hilo katika daftari mara tatu, kwa hivyo nadhani ni kweli. Alipoona msumeno wangu umeegemea ile paipu, aliweka spana yake chini.

"Hii ndio mgongo yake," akasema. "Ukitoa mgongo ya ng'ombe, hiyo si ng'ombe tena. Hiyo ni nyama."

"Nitaweka paipu mbili huku chini, moja kila upande wa injini."

"Itainama. Leo hapana, kesho hapana. Lakini itainama hapa shingoni." Akapiga kucha pale paipu inapokutana na shingo ya usukani. "Weka ya tatu, fupi, ishike shingo kwa mshazari."

"Hiyo ya tatu itapita mle mle buibui linapopita."

"Basi buibui ingoje, avae barabara ikikwisha."

"Wewe kwenu wanawake wanavaa nini, bwana?"

"Kwetu wanatembea kwa miguu na wanafika," akasema, tukacheka wote. Sikuiweka ile ya tatu. Nilijiambia kuwa najua buibui kuliko yeye, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kuwa najua vyuma kiasi cha kutosha. Hapo ndipo sijiamini.

Kazi ilikwenda kwa jioni za baada ya saa kumi na siku za Jumapili. Nikakata. Nikachomea. Nikashusha kiti. Nikafunika cheni yote kwa bati, kwa heshima ya yule mwalimu na kanzu yake. Nikaweka kibao cha bati cha kulaza miguu yote miwili pamoja, na ngao mbele ya magoti upepo usiinue nguo. Gia nikaihamishia mkononi. Chuma cha kuwashia nikakirefusha na kukivisha mpira wa tairi, mtu mwenye kiatu chepesi akipige asiumie. Tangi, kwa kuwa lilipoteza mahali pake, nikaliweka nyuma ya kiti, juu ya gurudumu, likakaa vizuri kabisa. Nilijivunia lile tangi. Yule fundi mwenzangu alilizunguka mara mbili akasema, "Hiyo ni safi," naye hasemi hivyo kwa watu.

Zilikuwa zimebaki siku sita kuandama mwezi nilipompeleka dada kwenye ile njia iliyonyooka karibu na uwanja wa ndege. Baiskeli aliijua tangu utotoni, uani kwetu, na klachi nilimfundisha asubuhi ile. Alikaa, miguu pamoja, buibui kifundoni. Akawasha kwa pigo la pili. Akaenda. Wallahi nilimwona akienda moyo ukanitoka. Alifika mpaka kwenye miti, akageuka bila kuweka mguu chini, akarudi. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakifyeka nyasi wakasimama na mapanga yao, mmoja akasema kwa sauti, "Haya, na mwezi nao utaandama mchana!"

Dada akasimama mbele yangu. Hakucheka. Akageuka nyuma akalitazama lile tangi.

"Kaka, na mama atakaa wapi?"

Hapo sikuelewa. Kisha nikaelewa, na jua la Januari lote likaniingia kichwani.

Ni jambo nililolijua kama ninavyolijua jina langu. Hakuna nyumba, kutoka kwetu mpaka Shanzu, iliyokuwa ikimruhusu msichana ambaye hajazaa aingie peke yake chumbani kwa mzazi mwenye uchungu, awe na cheti au asiwe nacho. Mtu mzima hutangulia. Hubisha hodi, huingia kwa bismillahi, hushika tumbo, husema maneno yake, na hapo ndipo mwenye cheti huitwa na sanduku lake. Mama na dada walikuwa wakienda pamoja siku zote; nimewaona wakiondoka pamoja asubuhi mia. Ndiyo maana sikuwaona. Nilipima mguu wa dada, nikapima mbuzi ya mama, na mahali pa kukaa mama nikaweka tangi la mafuta.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Uliniuliza? Ulikuja na kamba ukanipima kama mwanasesere. Ukamuuliza mama, ukamuuliza yule bwana wa bara, hata mbuzi ukaiuliza."

"Nilikuwa na haraka."

"Nami nina haraka kaka, siku sita." Akashuka. Alishuka kwa urahisi, buibui halikupanda hata kidogo, na hilo likaniuma zaidi.

Nilirudi gerejini nikikokota ile pikipiki kwa mkono, sikutaka kuipanda. Daftari la siku ile lina neno moja tu, "Tangi," nimelipigia mistari mpaka karatasi imetoboka. Fundi mwenzangu alinisikiliza akiwa amechuchumaa. Nilitazamia anicheke, na haki ya kunicheka alikuwa nayo.

"Ile punda ya maji inapita hapa," akasema, "debe inakaa juu ya mgongo?"

"Ubavuni."

"Basi."

Siku nne tulifanya kazi wawili. Yeye ndiye aliyekunja bati za matangi mawili membamba ya kuning'inia ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na nataka ieleweke kwamba ni kazi yake, kwa kuwa baadaye watu walinisifu mimi. La kulia tulilifanya kubwa, kwa sababu mama angekaa upande na miguu yake kushoto, na uzito ungevutia huko. Njia hiyo ilikuwa na kasoro: mafuta yakipungua, pikipiki ilivutia kushoto. Dada alijifunza kulisikia hilo kwa mikono na kujua mafuta yamebaki kiasi gani, lakini kasoro ni kasoro. Juu ya gurudumu tukaweka kiti cha pili, kipana, na kishikio.

Kilichobaki ni kumwambia mama.

Alikuja akasimama mbele ya kile chombo uani, mikono ndani ya buibui. Akakizunguka. Akabonyeza kiti kwa kiganja kama anavyobonyeza embe sokoni.

"Hiki n'cha nani?"

"Chako, mama."

"Nani kakwambia nakitaka?"

Dada ndiye aliyejibu. "Hakuna aliyemwambia, mama. Mimi nakuuliza sasa. Bila wewe, mimi sifiki. Nitafika mlangoni, nitasimama nje."

Mama akakibonyeza kiti tena. Mimi nilikuwa nazungushazungusha kofia yangu mkononi. Alikuwa na haki ya kukataa. Umri wake, jina lake mtaani, watu wa msikitini, yote hayo yalikuwa upande mmoja wa mizani. Akamwambia dada, "Ukiniangusha, nitazaliwa upya nikutie adabu," akainua kidogo mno upindo wa buibui, akakaa upande, kama anavyokaa juu ya mbuzi yake.

Siku moja kabla ya kuandama mwezi, bwana wa afya alisimama kivulini mbele ya zahanati na karatasi zake. Mimi nilijificha upande wa tangi la maji, nimeshindwa kukaa na nimeshindwa kusimama. Walikuja wawili kwa njia ya darajani, dada mbele, mama nyuma amekaa upande, mkono mmoja kiunoni kwa mwanawe na mwingine umekumbatia sanduku la ukunga. Bwana hakucheka, nami nilimwangalia usoni kwa kusudi. Alimtaka dada asimame, akasimama. Alimtaka apite kwenye mchanga mzito nyuma ya kisima. Humo pikipiki ikalala kushoto. Dada aliweka mguu chini, na mama, kwa kuwa kiti ni cha chini, aliteremka tu kama mtu ashukaye barazani. Akapangusa buibui, akangoja chombo kitoke mchangani, akakaa tena.

Bwana akamuuliza kwa Kiswahili chake, "Mama, wewe hapana ogopa?"

"Naogopa," mama akasema. "Kwani wewe lile jahazi la moshi lililokuleta hukuliogopa?"

Bwana akaandika. Eneo lote likabaki kwa dada.

Ningependa kukomea hapo, lakini isingekuwa haki. Bendera ilibadilishwa mwisho wa mwaka ule, na miezi yote hiyo, kila walipoondoka, mimi huku Changamwe nilikuwa nasikia shingo ya ile pikipiki ikiinama. Kila mlio wa pikipiki barabarani ulinifanya ninyanyue kichwa. Siku ya Idi, mwaka uliofuata, nilimwalika fundi mwenzangu kwetu, ale pilau. Alipomaliza alinawa mikono, akatoka uani, akachuchumaa mbele ya pikipiki. Alipitisha ukucha polepole pale shingoni, na ukucha ukanasa. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Alinitazama, hakusema alichoniambia mwaka uliopita. Nadhani ningependa angalisema.

"Nitaichukua," nikamwambia dada. "Haitembei tena. Nilikosea mimi, nitakutafutia nyingine."

"Lini?"

Nikainama tena kuutazama ule ufa.

"Kuna mtu Shanzu mwezi wake ni huu huu," akasema. "Usiniondolee, kaka. Itengeneze."

"Dawa yake ni ile paipu ya tatu. Itapita mbele ya magoti. Buibui litakwama."

Mama alikuwa akimiminia mgeni kahawa. "Buibui hilo n'nani alilishona?" akauliza. "N'mimi. Likikwama, nitalikata nishone jingine. Nyinyi kateni chuma chenu."

Kumbe mwaka mzima nilikuwa nimelifanya buibui ndilo lisilokatika. Mama alilitia mkasi, akaongeza kipande cha pembetatu upande wa kushoto ili nguo ipite juu ya ile paipu bila kupanda. Kifundo hakikuonekana. Kazi ya dakika chache, na mimi kwa ajili yake nilikuwa nimewapandisha mama yangu na dada yangu juu ya ufa. Au labda bila kuikataa ile paipu ya tatu mwanzo, mama asingekubali kabisa, na eneo lingekwenda. Nimelipima hili mara nyingi na mizani haijatulia.

Tuliichomea paipu kesho yake, mimi na mwenzangu, naye ndiye aliyeshika moto. Baada ya hapo, miaka yote waliyoitumia, haikutoka uani asubuhi kabla sijachuchumaa na kupitisha ukucha wangu pale shingoni, juu, chini, kisha juu tena. Dada alikuwa akiningoja, mikono kwenye usukani. Mama, amekwisha kukaa upande na sanduku mapajani, hakuwa na subira hiyo.

"Umemaliza kuipapasa?" alikuwa akisema. "Mtu azaa huko."

Nikawa naondoa mkono.